Jeli ya Mashine Bubu

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare zake za shule, Chapu alimvalisha baba yake shati. Mkono wa kulia ulitangulia kwa sababu ndio uliokuwa mgonjwa, ukafuata wa kushoto, halafu vifungo kuanzia chini kwenda juu. Baba alisimama wima kama sanamu ya dukani, akikunja uso kila kitambaa kilipogusa bega.

"Taratibu, mwanangu. Hilo ni bega, si gunia."

"Nimeshamaliza, baba."

"Umeruka kifungo."

Ni kweli, alikuwa ameruka kifungo. Hiyo ndiyo sababu ya jina lake. Mtaa mzima ulimwita Chapu kwa kuwa kila kitu alikifanya chapuchapu. Aliosha vyombo chapuchapu na kuacha povu kwenye vikombe. Darasani alikuwa wa kwanza kukabidhi karatasi ya mtihani, na hakuwa wa kwanza kwa jambo jingine lolote. Mama alisema binti huyu akiambiwa achemshe maji, atasimama juu ya sufuria na kuyafokea.

Baba alikuwa fundi rangi. Kwa miaka mingi alikuwa amepaka dari za watu, mkono juu, shingo nyuma, matone yakimdondokea usoni. Kisha bega la kulia likagoma. Kwanza liliuma akipaka dari, baadaye likauma akipaka ukuta, na mwisho likauma hata akichana nywele. Ngazi yake ililala nyuma ya nyumba na brashi zikakauka kwenye kopo. Mama, aliyekuwa mtunza stoo katika kinu cha unga, ndiye aliyebaki kuibeba nyumba nzima.

Daktari alipiga picha ya eksirei, akaonyesha kivuli cheupe kidogo juu ya bega. Alisema hizo ni chembe za chokaa zilizojikusanya kwenye kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa.

"Chokaa?" Baba alishangaa. "Nimepaka chokaa maisha yangu yote, leo imenifuata mpaka ndani?"

Daktari alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Hii haitoki kwenye ndoo yako, fundi. Mwili wenyewe umeitengeneza. Tutaanza na matibabu ya mawimbi ya sauti pamoja na mazoezi. Yakishindikana, itabidi uende hospitali kubwa ukafanyiwe upasuaji."

"Nikipasuliwa nitapanda ngazi tena?"

Daktari hakucheka safari hii. "Hilo siwezi kukuahidi."

Chapu alikuwa amekaa kando ya baba yake, na maneno hayo aliyabeba mpaka nyumbani. Fundi rangi asiyepanda ngazi ni nani? Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: bega la baba lipone, na lipone upesi.

Chumba cha matibabu ya viungo kilikuwa mwisho wa ukumbi wa kituo cha afya. Kilikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani, sinki, na meza ya magurudumu iliyobeba mashine ndogo kama redio ya zamani. Waya ulitoka kwenye mashine na kuishia kwenye kichwa cha chuma kinachong'aa, kipana kama kifuniko cha soda, chenye mpini wa kushikia.

Aliyeiongoza alikuwa muuguzi mwanamume, mrefu, mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini. Watu walimwita daktari, na kila alipoitwa hivyo alisahihisha.

"Shikamoo, dokta," Chapu alimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Mimi si daktari, mimi ni nesi, na nimeusomea unesi wangu. Niite nesi."

"Sawa, dokta," Baba alijibu, na wote watatu wakacheka.

Nesi hakuwa na haraka hata kidogo. Aliuliza kama Baba ana chuma chochote mwilini au kifaa cha kusaidia moyo. Baba alisema chuma pekee alichonacho ni ufunguo wa mlango, nao uko mfukoni. Nesi akamgusa bega kwa pamba, Baba akiwa amefumba macho, na kumtaka aseme kila anapoguswa. "Ngozi isiyosikia haiwezi kunionya nikikosea," alieleza. Kisha akachukua chupa laini, akaminya jeli nyingi begani, jeli ya bluu yenye baridi iliyomfanya Baba aruke kama aliyemwagiwa maji. Akaweka kile kichwa cha chuma juu ya jeli na kuanza kukizungusha polepole, duara juu ya duara, bila kusimama.

Chapu alitega sikio. Alisubiri mngurumo, mlio, chochote. Mashine ilikaa kimya.

"Mbona haisemi?" aliuliza.

"Inasema, ila kwa sauti nyembamba mno kwa masikio yetu. Sasa sikiliza, nikueleze kazi ya jeli..."

Chapu alikuwa ameshaangalia saa ya ukutani. Alikuwa na kazi ya hesabu nyumbani na alitaka kuimaliza kabla ya mchezo. Maelezo ya nesi yalipita juu ya kichwa chake. Alipogeuka tena, nesi alikuwa akipangusa bega na kumwonyesha Baba zoezi.

"Hili linaitwa zoezi la buibui. Unasimama mbele ya ukuta, vidole vinatembea kupanda juu, kidogokidogo, mpaka pale maumivu yanapokuambia basi. Hapo unaweka alama ya penseli. Asubuhi na jioni. Mimi na mashine tunafanya nusu ya kazi, nusu nyingine iko kwenye ukuta wa nyumbani kwako."

"Penseli ukutani!" Baba alisema. "Dokta, mimi nikimkuta mtu anachora ukuta nilioupaka, namfukuza."

"Nesi," alisahihisha nesi. "Chora."

Baba akachora. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kifua chake. Wiki iliyofuata ilifika shingoni, na iliyofuata ikafika kidevuni. Chapu alipoona ile alama ya kidevuni alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia.

Hapo ndipo alipoanza kupiga hesabu zake mwenyewe. Mashine ilikuwa bubu. Haikutoa moto wala mwanga. Kitu pekee kilichogusa bega la baba na kikaonekana kwa macho kilikuwa ile jeli ya bluu. Basi dawa ni jeli! Na kama jeli ya mara mbili kwa wiki inapandisha alama hadi kidevuni, jeli ya kila siku itaifikisha wapi? Ilikuwa hesabu ya Chapu hasa: alikuwa na jibu kabla ya kusoma swali.

Siku moja Baba alikuwa mgonjwa wa mwisho. Matibabu yalipokwisha alibaki nyuma ya pazia akihangaika na shati, akikataa kusaidiwa. Nesi alitoka kumshika mkono mzee mmoja aliyekuwa akipotea ukumbini. Chapu akabaki na chupa ya jeli.

Mfukoni alikuwa na kopo tupu la mafuta ya nywele ya mama yake. Alikuwa amelibeba kwa kusudi, hilo tusifiche. Aliminya jeli hadi kopo likajaa, na alipoiinua chupa akaona imebaki nusu. Lakini yeye alikuwa mtoto wa fundi rangi. Tangu akiwa mdogo alikuwa amemwona baba yake akizimua rangi nzito kwa maji, akiikoroga, na kazi ikaendelea. Akafungua bomba la sinki, akaijaza chupa maji hadi pale jeli ilipokuwa imefika, akakoroga kwa ncha ya rula yake. Rangi ya bluu ilififia kidogo tu. Nani angejua?

"Chapu! Shati hili limenishinda," Baba aliita.

"Nakuja, baba!"

Jioni ile alimpaka baba jeli begani na kumsugua kwa kiganja.

"Hii imetoka wapi?"

"Nesi kanipa. Amesema nikupake kila siku."

Baba alifumba macho kwa raha. "Mungu ambariki huyo kijana. Na wewe pia, mwanangu. Mikono yako ina baraka."

Maneno hayo yangemfurahisha Chapu siku nyingine. Jioni hiyo alifunga kopo na kutoka nje upesi.

Jeli ilikuwa na baridi tamu, na Baba aliipenda. Aliipenda mno. Jioni ya pili alipopakwa alisema, "Leo buibui apumzike, si dawa tumeipata?" Jioni ya tatu hakutaja zoezi kabisa, wala asubuhi yake. Chapu naye hakumkumbusha, maana aliamini jeli inafanya kazi. Penseli ikalala juu ya kabati.

Siku ya kliniki walipofika, benchi la ukumbini lilikuwa limejaa. Mhudumu wa usafi, mama mfupi mwenye leso kichwani, alikuwa ameshamfutia Chapu kiti chake cha kawaida pembeni ya mlango.

"Kaa hapa, mkwe wangu," alisema. Alimwita mkwe kwa sababu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, na utani huo haukumchosha.

Wa kwanza kuingia alikuwa msusi wa nywele aliyetibiwa kiwiko. Miaka ya kusuka ilikuwa imemwachia maumivu yaliyomfanya ashindwe hata kushika chanuo. Huyo naye alikuwa na mdomo.

"Fundi," alimwambia Baba akiinuka, "tukipona wewe na mimi tubadilishane. Wewe suka, mimi nipake rangi."

"Wateja wako watatoka na vichwa vya kijani," Baba alijibu.

Benchi zima likacheka. Lakini muda si muda sauti ya msusi ikasikika kutoka ndani, haina utani tena.

"Nesi, inachoma! Inachoma kama siafu!"

"Nimeitoa, nimeitoa. Pole, mama. Nionyeshe." Halafu sauti ya nesi, polepole: "Hii jeli ina nini? Inatiririka kama maji."

Msusi alitoka ameshika kiwiko kilichofunikwa kwa kitambaa chenye maji baridi. Ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu kidogo tu, na nesi alisema haijaungua. Hata hivyo msusi alikuwa na machozi. "Nilidhani wiki hii ningeweza kurudi kazini," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Nesi alisimama mlangoni na ile chupa mkononi. Aliigeuza, na jeli ikateremka upande mmoja mpaka mwingine upesi kuliko inavyotakiwa.

"Mama," alimwita mhudumu, "chupa hizi unazijaza wewe kutoka kwenye dumu kubwa. Uliiosha hii ukaacha maji ndani?"

"Mimi? Naosha, nafuta, naanika juani mpaka inakauka kabisa, nesi. Haki ya Mungu."

"Maji yameingia, na hatujui ni maji gani. Siwezi kumpaka mtu yeyote kitu hiki, kinaweza kumletea vijidudu. Na dumu limekwisha, mzigo mpya haujafika." Alivuta pumzi. "Ndugu zangu, poleni sana. Leo hakuna matibabu. Na mama, nitalazimika kumweleza mkuu wa kituo."

Mhudumu aliweka fagio lake ukutani kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kwamba hatalishika tena. "Mkataba wangu bado ni wa muda, nesi," alisema kwa sauti ndogo. "Akisikia hivi hataniongezea."

"Najua. Lakini nimeulizwa na ngozi ya mgonjwa, lazima nijibu."

Watu waliinuka mmoja mmoja, wakichechemea, wakishika migongo. Chapu alikaa kwenye kiti alichofutiwa. Alilitazama lile fagio ukutani. Walipokuwa wakiondoka mhudumu alimgusa shavu. "Mbona umenyong'onyea, mkwe wangu? Baba atapona tu."

Njiani Chapu aliburuta miguu. Baba alidhani binti yake ana njaa.

Walipofika nyumbani Baba alisimama mbele ya ukuta. "Hebu tumwone buibui amefika wapi. Tumekosa mashine, tusikose mazoezi." Vidole vyake vilianza kupanda. Vilifika shingoni vikasimama. Alijaribu kusukuma, uso ukamjaa jasho. Alama ya kidevuni ilikuwa pale juu, nyeusi, na vidole havikuifikia.

"Imeshuka," alisema Baba. Alikaa kitini, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Kumbe haliponi. Ni upasuaji tu."

Mama aliingia wakati huohuo, unga kwenye nyusi, akaweka mkoba mezani. Mama hakuwa mtu wa kuzunguka kwenye maneno. Aliwatazama wote wawili, akatazama na kopo lililokuwa kando ya kiti cha Baba.

"Nani kafa?"

"Bega," alijibu Baba.

"Na hili kopo langu la mafuta linafanya nini hapa?"

"Ndiyo ile jeli aliyotoa nesi."

Mama aliliinua, akalinusa. "Nesi gani anayegawa dawa kwenye kopo la mafuta ya nywele? Chapu."

"Abee, mama."

"Nitazame. Nesi alikupa hii?"

Chapu aliutazama uso wa mama yake, akautazama wa baba, na machozi yakamtangulia. Alieleza yote: jeli, chupa, maji ya bomba, rula, msusi na kiwiko chake, mhudumu na mkataba wake. Alieleza chapuchapu, lakini safari hii hakuruka kitu.

Baba alikuwa wa kwanza kusema. "Uliizimua?"

"Kama unavyozimua rangi, baba."

"Mimi nazimua rangi inayotaka maji! Rangi ya mafuta siitii maji hata tone. Nimekufundisha kukoroga, nikasahau kukufundisha kuuliza." Kisha akasugua bega. "Na mimi nimekubali upesi, kwa sababu zoezi linauma na jeli haiumi. Tumejidanganya wote wawili."

"Ninyi wawili mtahukumiana baadaye," Mama alisema. "Chapu, kuna mwanamke leo hatapata usingizi akifikiria kazi yake. Hujamwibia nesi jeli tu, umemwibia yule mama jina lake jema. Kesho tutakwenda kituoni kabla ya shule. Mimi nitasimama mlangoni. Kusema, utasema wewe."

"Wakinifukuza je? Wakikataa kumtibu baba?"

Mama alikaa chini hapo, akamvuta karibu. Mikono yake ilinukia unga. "Wakikataa, tutajua tumekataliwa tukiwa wakweli. Osha uso, tule."

Asubuhi nesi alikuwa akipanga mashuka. Mhudumu alikuwa akipiga deki, macho yamevimba. Chapu alisimama katikati ya chumba, kopo kwenye viganja vyote viwili. Mama alibaki mlangoni kama alivyoahidi, mkoba kifuani, na hakusaidia hata kwa kukohoa.

"Shikamoo, nesi. Shikamoo, mama." Akainua kopo. "Mhudumu hakuacha maji kwenye chupa. Ni mimi. Niliiba jeli nimpake baba kila siku apone haraka, nikajaza maji ya bomba ili usijue. Naomba msimfukuze. Naomba mnisamehe."

Mhudumu aliacha kupiga deki.

"Wewe, mkwe wangu?" alisema. "Jana chakula hakikupita. Nilikaa najiuliza, hivi kweli nimezeeka kiasi cha kusahau kufuta chupa?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Ila mahari yako imeshuka." Akajifuta macho kwa leso, akacheka na kulia kwa pamoja.

Nesi alitoka. Alikwenda kwa mkuu wa kituo, na aliporudi alimwambia mhudumu, "Nimemweleza kwamba nilikutilia shaka bure. Anasema mkataba wako hauna tatizo. Na mimi nakuomba radhi." Kisha akamgeukia Chapu. Uso wake haukuwa na hasira, ila haukuwa na tabasamu pia.

"Siku ya kwanza nilikueleza kazi ya jeli."

"Sikusikiliza. Nilikuwa naangalia saa."

"Leo utasikiliza. Njoo."

Aliiwasha mashine, akakigeuza kile kichwa cha chuma kitazame juu, akadondoshea matone machache ya maji. Alipogusa kitufe maji yakatetemeka, yakafanya mikunjo, yakaruka kama yanachemka, na hapakuwa na moto. Chapu alifungua mdomo. Hata Mama alisogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Hiyo ndiyo sauti usiyoisikia," nesi alisema. "Inatikisa mara milioni na zaidi kwa sekunde moja. Inapoingia begani inatikisa na kupasha joto kule ndani, kwenye kano, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Lakini sauti hii ina udhaifu. Ikikutana na hewa, hata nyembamba kama karatasi, inagoma kupita. Jeli inafukuza hewa. Yenyewe si dawa, ni njia. Ukimpaka baba jeli bila mashine, umemjengea barabara isiyopita gari."

"Na yenye maji?"

"Maji yanapitisha mawimbi vizuri, lakini hayakai kwenye ngozi. Yalitiririka, hewa ikaingia, kichwa cha mashine kikapata moto pale juu badala ya kupeleka sauti ndani. Ndiyo maana msusi alihisi siafu. Na maji ya bomba kwenye chupa ya wagonjwa ni mlango wa vijidudu." Alizima mashine. "Unaona mkono wangu hausimami nikitibu? Nikisimama mahali pamoja ili nimalize haraka, namuunguza mtu. Kazi hii haina chapuchapu."

"Baba yangu utamtibu?" Chapu aliuliza.

"Kwa nini nisimtibu? Bega lake limekosa nini?" Nesi sasa alitabasamu. "Mwambie dumu la jeli linafika wiki hii. Na buibui asilale tena."

Buibui hakulala. Kila asubuhi baada ya shati, Chapu alisimama na penseli kando ya baba yake. Hakumharakisha. Vidole vilipotetemeka alisema, "Pumzika, baba, ukuta hauendi popote." Alama ilirudi kidevuni, ikavuka pua, ikakaa hapo kwa siku nyingi bila kusogea mpaka Baba akatukana ukuta, kisha ikapanda tena. Siku vidole vilipoigusa saa iliyotundikwa juu ya ukuta huo, Baba aliita kwa sauti, na Mama akatoka jikoni mbio akidhani nyumba inaungua. Baba alikuwa amesimama mkono juu, machozi yakimtiririka, akicheka.

Eksirei mpya ilionyesha kwamba kile kivuli cheupe kimepungua sana. Upasuaji haukuhitajika. Baba aliruhusiwa kupanda ngazi, kwa sharti kwamba dari apake kwa zamu na kupumzisha mkono.

Kazi yake ya kwanza hakulipwa, kwa kuwa aliiomba mwenyewe. Jumamosi moja yeye na Chapu walifika kituoni na ngazi, ndoo na utepe wa kupimia. Kwenye ukuta wa chumba cha matibabu ya viungo Baba alichora mistari kuanzia usawa wa kiuno hadi juu kabisa, kila mstari na rangi yake, kama ngazi iliyoegemea ukuta. Wagonjwa wa mabega wangepandisha vidole vyao hapo na kuona wenyewe wamefika wapi.

Mstari wa chini kabisa alipaka Chapu. Alishika brashi kwa mikono miwili, akapaka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho. Mhudumu alisimama nyuma yake kukagua.

"Umenyooka, mkwe wangu. Mahari yako imepanda kidogo."

Msusi, aliyekuwa amekuja kwa matibabu yake ya mwisho, aliuchagua mstari wa kijani. "Ule utakuwa wangu. Fundi aliniahidi vichwa vya kijani."

Nesi alisimama akautazama ukuta kwa muda, mikono nyuma. Alipozungumza alizungumza na Chapu, lakini wote walisikia.

"Watu huniambia asante kila siku, nami nafurahi. Ila asante kubwa kuliko zote naipata kwa mgonjwa anayefanya zoezi lake nikiwa simwoni, na kwa mtu anayeniambia ukweli wakati ukweli wenyewe unamuumiza. Kama sauti ya mashine hii isivyoweza kupita penye hewa, na sisi hatuwezi kumfikia mgonjwa penye uongo, hata uongo uliotokana na mapenzi. Ulimpenda baba yako, Chapu, na hilo si kosa. Kosa lilikuwa kutaka apone kwa kasi yako badala ya kasi ya bega lake, na kuficha. Siku uliyosimama hapa na kopo mkononi, ndiyo siku uliyoanza kumsaidia kweli."

"Asante, nesi," Chapu alisema.

"Asante sana, dok..." Baba alianza, akajishika mdomo. "Nesi. Asante sana, nesi wangu."

Kicheko kilipotulia Baba alivua ovaroli na kuvaa shati lake safi. Mkono wa kulia uliingia bila kunung'unika. Chapu alinyoosha mikono kumsaidia, lakini Baba alimzuia, akafunga vifungo mwenyewe, mbiombio, mbele ya watu wote, kidevu juu kwa fahari.

Chapu alimtazama kuanzia chini hadi juu, polepole.

"Baba," alisema, "umeruka kifungo."